Kisu kwa simu: ni nani anayeuliza umri wa mnunuzi?

Wiki chache zilizopita mwendesha boda alisimama nje ya lango letu hapa Bamburi akimwulizia mpwa wangu. Mkononi alikuwa na bahasha ndogo ya plastiki iliyozungushiwa seloteipu. Kijana hakuwepo, alikuwa madrasa. "Basi mama, nikuachie wewe?" akaniuliza, na kabla sijajibu mzigo ulikuwa kwangu na yeye keshawasha pikipiki.

Ndani mlikuwa na kisu cha kukunja, kile cha kutia mfukoni. Makali yake yalikuwa marefu kuliko kidole changu cha kati, na ukikikunjua kinajifunga kwa chuma kidogo kisirudi nyuma. Mpwa wangu ana miaka 14.

"Hiki cha nini, mwanangu?"

"Cha kumenyea maembe, shangazi."

Huenda ni kweli. Kisu cha namna hii si silaha kwa asili yake. Mvuvi anakatia mshipi, fundi wa stima anachunia nyaya, na shamba lolote la minazi lina mtu anayetembea nacho. Lakini sisi wa Mombasa tunajua neno kisu na neno panga yanasikikaje Kisauni au Likoni ikishatimia saa mbili usiku, na tunajua umri wa wengi wanaotajwa. Kwa hiyo sikuuliza tu kisu ni cha nini. Niliuliza kimemfikiaje.

Kimemfikia kwa urahisi. Kwenye ukurasa wa muuzaji kulikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Nina miaka 18 na zaidi". Mtoto akakibonyeza. Nilimpigia yule muuzaji, akanijibu kwa heshima, "Madam, sisi hatuuzii watoto." Nikamwuliza anajuaje. "Kwani mtoto ana M-Pesa?"

Wauzaji wengi wanafikiri hivyo, na ndipo wanapokosea. Malipo ya simu yanaonyesha jina la mwenye laini, hayaonyeshi kidole kilichobonyeza. Mpwa wangu alilipa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha babake, kama walivyo watoto wengi wenye simu. Isitoshe, kuna M-PESA Go, iliyotengenezwa hasa kwa watoto wa miaka 10 hadi 17 chini ya usimamizi wa mzazi. Kwa hiyo ndiyo, mtoto ana M-Pesa.

Uingereza wameshapita njia hii na wamejikwaa mara kadhaa, hivyo inafaa tuwatazame. Kule England na Wales, sheria ya 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, bila kutakiwa kueleza sababu. Kikizidi hapo, au kikiwa cha kujifunga kama kile cha mpwa wangu, lazima awe na sababu ya maana ya kuwa nacho barabarani. Kumwuzia kisu aliye chini ya miaka 18 ni kosa, isipokuwa kile kidogo cha kukunja cha inchi 3 kushuka chini. Hata hivyo, maduka mengi ya huko yanadai miaka 18 hata kwa hicho kidogo. Hiyo ni sera ya duka, si sheria, na mwenye duka ana haki nayo. Nasema hivi kwa sababu muuzaji wetu alinieleza kwamba hawezi kuuliza umri "kama sheria haijasema". Anaweza. Kwani nani amemkataza?

Kwa mauzo ya mtandaoni walitunga sheria nyingine mwaka 2019, na sehemu zake kuhusu visu zikaanza kutumika Aprili 2022. Kisanduku cha kubonyeza hakitoshi tena. Muuzaji awe na njia ya kuhakikisha umri, kifurushi kiandikwe wazi kwamba kina kitu chenye makali na ni cha kukabidhiwa mtu mzima tu, na kisipelekwe kwenye yale makabati ya kuchukulia mizigo ambako hakuna mtu wa kukutazama usoni.

Miezi miwili tu baadaye, Juni 2022, mjini Wolverhampton, Ronan Kanda, kijana wa miaka 16, aliuawa karibu na kwao. Waliomuua walikuwa rika lake na walimdhania mtu mwingine. Upanga uliotumika ulikuwa umenunuliwa mtandaoni. Februari 2025 serikali ikatangaza hatua kali zaidi zinazobeba jina lake: mnunuzi aonyeshe kitambulisho chenye picha pamoja na picha ya uso wake ya papo hapo, kisha aonyeshe kitambulisho tena mlangoni, na mzigo apewe yule yule aliyenunua.

Mlangoni, basi. Ukurasa unaweza kudanganywa na malipo yanaweza kuazimwa, lakini anayeleta mzigo anamwona mtu.

Sisi si wageni wa kuuliza umri. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na ile ya pombe ya 2010 vivyo hivyo. Kwa kisu, sheria inayojulikana zaidi mahakamani ni kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomshika mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda uhalifu. Kifungo chake kinaanzia miaka saba. Kinaingia kazini kijana akiwa tayari barabarani usiku na kisu mfukoni, wakati muuzaji keshasahau hata jina lake.

Wengine watasema dawa ni kumtaka kila mnunuzi atume picha ya kitambulisho kwa WhatsApp. Hapo nasita sana. Picha ya kitambulisho pamoja na nambari ya simu ndiyo mali anayoitafuta tapeli wa laini, na ukishaituma hujui imekaa kwenye simu ya nani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu anazozihitaji, na kwa habari za mtoto inataka idhini ya mzazi na utaratibu wa kuhakiki umri. Kitambulisho kionyeshwe mlangoni, kitazamwe, kirudi mfukoni. Haina haja ya kupigwa picha.

Kwa mizigo inayotoka Nairobi kwa basi hili si geni: kwenye ofisi za mizigo tumezoea kutoa kitambulisho ndipo tupewe kifurushi. Ugumu uko kwa boda. Yeye analipwa kwa safari, na akirudi na mzigo mafuta ni yake. Ukimwambia amkatalie mtoto, umwambie pia nani atamlipa safari ya kurudi. Muuzaji akiongeza shilingi chache kwa mzigo wenye makali na kuandika juu yake "mtu mzima tu", kazi kubwa imekwisha.

Nawe mzazi, fungua ujumbe wa M-Pesa kwenye laini iliyo kwa jina lako. Kaka yangu alipofungua wake, malipo ya kisu yalikuwepo siku tisa, kati ya ujumbe wa tokeni na wa bando.

Muuzaji aliniahidi kwamba atawaambia waendesha boda wake wamkabidhi mtu mzima aliyelipa, si yeyote anayefungua lango. Jana nimeuangalia ukurasa wake. Kisanduku ni kile kile, na kisu cha mpwa wangu kimeshushwa bei.