Kabare, Majirani na Karatasi ya Komini

Mazungumzo ya redio juu ya amani katika kartiye

MTANGAZAJI: Leo tutaongea juu ya ugomvi ambao watu wengi wanaudharau: ugomvi kati ya wenye kabare na majirani wao. Tuko na mwalimu anayefundisha mashefu wa kartiye namna ya kupatanisha watu. Mwalimu, karibu. Kwa nini tuchukue saa ya amani kuongea habari ya pombe?

MWALIMU: Asante, dada. Nawasalimu wasikilizaji wote. Tukisikia neno vita, tunafikiri bunduki na milima. Lakini katika miji yetu watu wanachukiana kwanza kwa mambo madogo ya kila siku: maji, mpaka wa parsele, na makelele ya usiku. Jirani anasema, «Kabare hii inatuua.» Mwenye kabare anajibu, «Mimi nimelipa.» Wiki inayofuata mtu anatupa jiwe. Kisha wanauliza, «Mwenye kabare ni wa kabila gani?» Siku ile hatuongei tena juu ya muziki. Ndiyo sababu ninasema shefu anayejua kumaliza ugomvi wa kabare amezima moto mkubwa kabla haujawaka.

MTANGAZAJI: Lakini kabare zilikuwako tangu zamani. Kwa nini ugomvi umezidi?

MWALIMU: Kwa sababu miji imejaa, na watu wanaishi karibu karibu. Angalieni Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulichoma sehemu kubwa ya katikati ya mji. Watu walijenga tena juu ya mawe ya volkano, wengi kwa mbao, nyumba na biashara pamoja. Ubao hauzuii sauti. Angalieni Bukavu. Miaka mingi ya vita ilileta watu wa vijiji, nao walijenga juu ya miteremko ya Kadutu na Panzi, hata paa la mmoja linafikia kizingiti cha mwingine. Mahali kama pale, bafle moja inaimba katika nyumba makumi.

Ongezeni jamaa zinazopokea wakimbizi wa ndani. Chumba kilicholaza watu watatu kinalaza tisa. Kati yao kuna mzee mgonjwa, kuna mama aliyezaa juzi, kuna mtoto ambaye akisikia kishindo anafikiri ni bomu. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliandika mwaka 1999 kwamba ili mtu alale vizuri, makelele ndani ya chumba yasipite desibeli 30. Hiyo ni kama sauti ya mtu anayenong'ona. Basi jirani anayelalamika si mtu wa wivu. Usingizi ni afya.

MTANGAZAJI: Basi mwenye kabare ndiye mwenye kosa?

MWALIMU: Ngoja kwanza, dada. Tumsikilize naye. Mara nyingi ni mama. Pengine yeye mwenyewe alikimbia, akaacha shamba na mbuzi, na hana kazi nyingine. Anauza kasiksi. Kasiksi inapikwa kwa ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa, zikachanganywa na unga wa mtama na kuachwa zichache. Baada ya siku chache inaharibika. Ukimfungia siku nne, umemwaga mali yake yote. Ao anauza bia. Kreti alizikopa kwenye depo, na depo inataka pesa pamoja na chupa tupu. Wanunuzi wanakuja jioni, baada ya kazi. Ukimwambia afunge jua likishuka, umemwambia asiuze. Pesa ile ndiyo minervali ya watoto na kodi ya nyumba.

Basi tuko na haki mbili: haki ya kulala na haki ya kula. Shefu anayeona moja tu hatapatanisha mtu.

MTANGAZAJI: Na lile neno «nimelipa»? Linasikika kila mahali.

MWALIMU: Neno lile ndilo mzizi wa ugomvi. Ninaomba wasikilizaji washike jambo hili: risiti si ruhusa, na ruhusa si haki ya kusumbua. Nifafanue.

Kuna karatasi za namna tatu. Ya kwanza ni karatasi ya kufanya biashara. Kwa biashara ndogo inaitwa patanti. Iko katika sheria namba 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990 juu ya biashara ndogo. Kwa biashara kubwa kuna rejista ya biashara, RCCM, kwa kufuata sheria za OHADA ambazo nchi yetu inatumia tangu Septemba 2012. Karatasi hii inasema: mtu huyu ni mfanyabiashara. Haisemi kitu juu ya muziki.

Ya pili ni ruhusa ya kufungua mahali pa kunyweshea kileo. Hii inaombwa kwa mkubwa wa serikali wa mahali, kama vile komini. Hapa mashefu wasikilize vizuri. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, namba 08/016, inaeleza kwamba mji, komini, sekta na shefferi ni vyombo vinavyojitawala. Kartiye si kimoja chao. Kartiye ni sehemu ya komini tu. Shefu wa kartiye anaweza kutoa maoni yake, anaweza kusema majirani wanafikiri nini. Lakini barua yake peke yake haifungui kabare, na hasira yake peke yake haiifungi.

Ya tatu ni risiti za kodi na jetoni za kila siku. Hizi ndizo nyingi. Leo anapita wa usafi, kesho wa mazingira, kesho kutwa wa utamaduni kwa ajili ya muziki. Mama analipa, analipa, na mwishoni anaamini kwamba amenunua usiku wote. Hapana. Risiti inaonyesha kwamba pesa ilitoka mkononi mwako. Haimwambii jirani anyamaze.

MTANGAZAJI: Na wale wanaolipa mtu wa ofisi bila risiti?

MWALIMU: Huyo hana ruhusa wala risiti. Amenunua siku moja ya utulivu, na atainunua tena kesho. Na shefu anayekunywa bure katika kabare hawezi kuwa mwamuzi wa kabare ile. Watu wanaona chupa mbele yake, wanajua hukumu itakuwa nini.

MTANGAZAJI: Kuna watu wanasema: serikali itoe amri moja tu, kabare zote zifungwe mapema.

MWALIMU: Tulikwisha kuona amri ya namna ile. Tarehe 18 Desemba 2020, kwa sababu ya Korona, nchi nzima iliwekwa chini ya marufuku ya kutembea usiku, tangu saa 3 ya usiku hadi saa 11 ya alfajiri. Ilikuwa kwa ajili ya ugonjwa, na ilikuwa na sababu yake. Lakini amri isiyokubaliwa na majirani inafunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma. Watu wanakunywa gizani, na anayepita na kofia ya kazi anapata cha kukamata.

Tena, wakubwa wanabadilika. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, état de siège ya tarehe 6 Mai 2021 iliweka wanajeshi na polisi mahali pa wakubwa wa kiraia. Kisha M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari 2025. Kila mara mihuri inabadilika, mwenye kabare anaulizwa karatasi upya. Lakini majirani ni wale wale. Kwa hiyo makubaliano yao ni kitu cha thamani. Hayachukui nafasi ya sheria, ila yanashika amani wakati ofisi zinabadilika.

MTANGAZAJI: Basi tuwaambie mashefu wafanye nini. Tuanze kwa mwanzo.

MWALIMU: Kwanza, usikilize kila upande peke yake, mchana. Usimwite mwenye kabare mbele ya umati. Nenda kwake, umwambie, «Mama, sikuja kukufungia. Nimekuja unieleze kazi yako.» Akisikia hivyo atakuonyesha karatasi zake, na pengine atakuambia mwenyewe kwamba vijana fulani wanamshinda nguvu.

Pili, nenda usiku. Kaa ndani ya nyumba ya yule anayelalamika, kwa saa ile anayolalamikia. Sikiliza kwa masikio yako. Pengine utakuta makelele hayatoki kwa bafle bali kwa jenereta, ao kwa watu wanaogombana njiani wakienda nyumbani. Dawa yake si moja.

Tatu, ita mkutano mdogo. Asiwepo mtu aliyekunywa. Weka wamama, vijana, mwenye kabare, majirani wa karibu, na mtu mmoja wa wakimbizi wa ndani. Wakimbizi mara nyingi wanasahauliwa kwa kuwa hawana parsele. Lakini wao pia wanalala pale, na wengine wanauza pale.

Inne, muandike makubaliano. Msiandike «muziki usisumbue», maana kila mtu ana kipimo chake. Andikeni vitu vinavyoonekana. Kwa mfano: siku za kazi bafle zinazimwa saa 3 ya usiku na mauzo yanaisha saa 4, usiku wa Jumamosi saa 5. Bafle zinakaa ndani, zinaelekea barabara, si vyumba vya majirani. Kabare iwe na choo, mtu asikojoe ukutani kwa jirani. Taa iwake mlangoni. Mtoto asitumwe kuuza wala kununua pombe. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto hadi afike miaka 18. Na mtu mwenye silaha asihudumiwe.

MTANGAZAJI: Hapo, mwalimu, watu watacheka. Mama mwenye kabare atamkataza namna gani mtu mwenye bunduki?

MWALIMU: Ni kweli, hawezi peke yake, wala asijaribu kumnyang'anya. Ndiyo maana jambo lile si la mama, ni la wakubwa. Shefu aandike siku, saa, na kilichotokea, kisha ampelekee komanda wa mahali pamoja na wazee wengine wawili ao watatu. Mwanajeshi wa serikali akifanya uhalifu, auditora ya kijeshi ndiyo inamshitaki. Kile ambacho kabare inaweza kufanya ni kufunga mapema usiku wenye hatari. Majirani nao wasimuache mama yule peke yake. Yeye ndiye wa kwanza kuumizwa.

Tano, wekeni muda wa kujaribu, mwezi mmoja. Mchague watu wawili, mmoja wa kila upande, ambao mtu anaweza kuwaita usiku. Mwezi ukiisha mkutane tena.

MTANGAZAJI: Na ikiwa mwenye kabare anavunja makubaliano?

MWALIMU: Hapo majirani waandike barua kwa burugumestri. Waeleze tarehe, saa, na mambo yenyewe, bila matusi na bila kutaja kabila. Waweke sahihi zao. Wapeleke nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwao. Barua yenye muhuri haipotei kirahisi. Lakini wasivunje chupa, wasifunge barabara, wasichome. Ukivunja kabare ya mtu, wewe uliyekuwa na haki umekuwa mshitakiwa.

MTANGAZAJI: Tumepokea swali: «Mnafunga kabare, lakini wanaosali usiku kucha na bafle, mbona hamuwagusi?»

MWALIMU: Swali zuri sana. Majirani wakikataza bafle ya kabare na kunyamazia bafle ya mkesha, mwenye kabare ataona anachukiwa yeye, si makelele yake. Saa ya kuzima bafle iwe moja kwa wote: kabare, kanisa, ndoa. Matanga yapewe ruhusa yake, kwa sababu kifo hakichagui siku, lakini hata pale sauti ipunguzwe. Nimeona wachungaji wakikubali wa kwanza, na mwenye kabare akakosa neno.

MTANGAZAJI: Swali la mwisho. Mama mmoja anasema: «Wanasema ni sisi tuliokimbia tulileta ulevi katika kartiye.»

MWALIMU: Mama, pole. Anayesema hivyo anatafuta mtu wa kubeba mzigo. Mtu aliyepoteza shamba na kazi anaweza kunywa kwa huzuni, ni kweli, kama vile mwenyeji anavyokunywa. Lakini kabare nyingi zilikuwako mkifika. Ninaomba mashefu: neno lile likitamkwa mkutanoni, lisimamishwe mara moja. Sema, «Hapa tunaongea juu ya bafle, saa na choo. Hatuongei juu ya watu walitoka wapi.» Ukiliacha lipite, mkutano wako umekwisha, hata kama watu bado wamekaa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni neno lile.

MTANGAZAJI: Wapendwa wasikilizaji, mashefu wa kartiye na wa avenyu, wazee wa nyumba kumi: kabla ya juma kuisha, nendeni mkasikilize usiku mmoja katika nyumba ya jirani, na siku moja katika kabare. Wenye kabare, tazameni karatasi zenu, mjue ni ipi ruhusa na ni ipi risiti. Majirani, pelekeni neno kabla ya jiwe. Mulale salama.