Neno "Charge" na Mizigo Yake

Katika mji wa Kitui au wa Wote, mtu aweza kukutana na neno moja la Kiingereza mara kadhaa kwa siku moja, na kila mara likawa na maana nyingine. Neno hilo ni "charge". Yafaa kila mwenye shamba alifahamu vema, maana mahali pamoja neno hili laweza kumpotezea ardhi yake.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, nacho kililipata katika Kilatini, lugha ya Warumi, kwa maana ya kupakia gari mzigo. Mzigo si jambo geni Ukambani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba, kama ile ya Kivui wa Kitui, ilichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa. Basi mtu akishika maana hiyo ya mzigo, nyingine zote zitamfungukia.

Kwanza ni malipo, yaani mzigo atwikwao mnunuzi au mgonjwa. Mwaka 2016 Serikali ya Kaunti ya Makueni ilianzisha mpango ambao jamaa moja ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili kutibiwa katika hospitali zake. Fedha hizo zaweza kuitwa "charge". Kitu kisicholipiwa huitwa "free of charge", yaani bure.

Pili ni umeme. Betri ya simu hupakiwa umeme kama punda apakiwavyo mitungi ya maji. Hapa Kiswahili kimelichukua neno lenyewe, nasi twasema kuchaji simu.

Tatu ni uangalizi. Muuguzi aliye "in charge" wa zahanati ndiye mkuu wake, kwa kuwa mzigo wa kazi uko mabegani mwake.

Nne ni shtaka, mzigo awekewao mtu mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa ukamilifu wa kutosha kulijibu. Tena, asipoielewa lugha ya mahakama, hupewa mkalimani bila malipo.

Tano ndiyo maana iliyo nzito kuliko zote. Katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, "charge" ni rehani. Shamba hubaki kuwa mali ya mwenyewe, lakini limebebeshwa deni. Deni lisipolipwa, mkopeshaji aweza kumpa mwenye shamba ilani, na kumwachia muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Akishindwa, hupewa ilani ya pili ya kuuza, na baada ya siku 40 shamba laweza kuuzwa. Ikiwa ardhi hiyo ina nyumba wanamokaa mume na mke, rehani haifai kitu pasipo ridhaa ya wote wawili.

Hatari ni kwamba karatasi za mkopo huwa na maana mbili pamoja. "Bank charges" ni ada za benki tu, lakini "charge" juu ya hati ya shamba ni rehani. Asiyejua tofauti aweza kutia sahihi akidhani akubali ada ndogo, kumbe ameweka urithi wa watoto wake. Na si deni lake tu, kwani sheria yaruhusu mtu kuweka shamba lake kwa deni la mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu ukishatiwa sahihi si wa mwenzio tena.

Kiingereza kina neno la kutua mzigo pia, nalo ni "discharge". Mgonjwa aruhusiwapo kutoka hospitali, hilo ndilo neno lake, na deni la shamba likiisha, ni hilo hilo. Amalizaye kulipa na adai karatasi hiyo, tena ahakikishe imeandikishwa katika ofisi ya usajili wa ardhi. Isipoandikishwa, rehani yaendelea kuonekana katika daftari hata kama deni limekwisha.

Kwa hiyo, uonapo neno hili katika karatasi yoyote, uliza kabla ya kutia sahihi: Mzigo huu ni wa nani? Wawekwa juu ya nini? Utatuliwa lini? Usipojibiwa kwa lugha uielewayo, iweke kalamu chini.