Kompyuta ya Ofisi Inunuliwe kwa Hesabu ya Miaka Mitatu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka kama kawaida, zinaandika barua, zinachapa ankara. Kilichokatika ni viraka vya usalama vya kila mwezi, na kwa ofisi nyingi za Ulaya na Marekani hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuondoa mashine za zamani kwa mkupuo. Mashine hizo zina safari inayojulikana: mnadani, kwa wakusanyaji wa Uingereza, Ujerumani au Dubai, kisha kwenye kontena, na hatimaye kwenye rafu za Kariakoo jijini Dar es Salaam na za Luthuli Avenue jijini Nairobi. Zimefutwa vumbi, zimebandikwa stika mpya, na bei yake inavutia.

Mwenye duka la dawa, shule binafsi au kampuni ndogo ya usafirishaji anayeingia sokoni leo kutafuta kompyuta tano, printa moja na programu ya hesabu huanza kwa kuuliza bei. Ni swali la haki, ila linajibu sehemu ndogo tu ya gharama. Kila kifaa cha ofisi kina bei ya siku ya kununua na bei ya miaka mitatu ya kukitumia, na programu ina bei ya tatu ambayo wachache huiuliza: gharama ya kuiacha.

Tuanze na hizo kompyuta za mtumba, maana ndizo zinazobeba biashara nyingi ndogo za ukanda huu, na sioni aibu yoyote kuzinunua. ThinkPad au EliteBook iliyotumika miaka minne ofisini Ujerumani mara nyingi ni imara kuliko kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa. Tatizo ni kizazi cha prosesa. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana. Namba yenyewe husomeka kirahisi: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7300U cha saba, i5-8350U cha nane. Jina la modeli halitoshi. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 nyingi zina kizazi cha nane, lakini zipo zilizotoka kiwandani na cha saba, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Fungua mipangilio ya kompyuta, soma namba ya prosesa kwa macho yako, kisha ndipo uzungumzie bei.

Muuzaji anaweza kukuonyesha kompyuta ya kizazi cha sita ambayo tayari ina Windows 11. Inawezekana, kwa sababu mafundi wanajua kuruka ukaguzi wa mfumo wakati wa kuuweka. Lakini Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupokea masasisho. Njia halali ya kubaki na Windows 10 ni kulipia huduma ya nyongeza ya usalama, ambayo kwa biashara ilipangwa kuanza kwa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, kisha kuongezeka mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Jumlisha: 61, 122 na 244 ni dola 427. Kwa fedha hiyo mtu anapata kompyuta nyingine ya mtumba iliyo bora zaidi. Kwa kazi za kuandika, barua pepe na kivinjari, kompyuta hiyo hiyo ya kizazi cha sita ikiwekewa Linux na LibreOffice itafanya kazi vizuri bila leseni ya kulipia. Ila kama mhasibu wako anatumia Tally au programu nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, njia hiyo imefungwa.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani dukani. Kampuni kubwa husajili kompyuta zake kwenye mfumo wa usimamizi wa mbali. Kompyuta ikiuzwa bila kuondolewa kwenye usajili huo, itafanya kazi vizuri mpaka siku fundi atakapoiweka upya ikiwa kwenye intaneti. Hapo itaonyesha jina la kampuni ya huko ilikotoka na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Kwa hiyo sharti la ununuzi liwe moja: kompyuta iwekwe upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako, na uingie kwenye mipangilio ya BIOS kuhakikisha haina nenosiri la mtu mwingine. Baada ya hapo andika amri ya powercfg /batteryreport ili uone betri ilitengenezwa na uwezo gani na imebakiza kiasi gani. Kazi hiyo inachukua muda wa kunywa chai. Muuzaji anayekataa amekujibu.

Kariakoo kuna winga, kijana anayekupokea barabarani, anakutembeza duka hadi duka, kisha anajilipa kwa cha juu anachoweka kwenye bei ya mwenye duka. Winga hodari anajua mzigo mpya umeshukia wapi kabla haujapangwa kwenye rafu, na hilo lina thamani yake. Lakini waranti haimhusu. Betri ikifa wiki ya tatu utarudi dukani, na duka litatambua risiti peke yake. Ile yenye jina la duka, namba ya modeli na namba ya pekee ya mashine ndiyo inayokutetea. Ile iliyoandikwa “laptop 1” haikutetei.

Na risiti yenyewe ina hesabu ambayo wafanyabiashara wengi hawaipigi. Chukua Kenya, ambako tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na mamlaka ya mapato, KRA, kama punguzo la kodi. Tuseme printa ni shilingi 34,800 pamoja na VAT ya asilimia 16, na muuzaji anakunong’oneza kuwa bila ankara atakuachia kwa 31,500. Kama umesajiliwa VAT, ile ya 34,800 ina shilingi 4,800 unazodai kama kodi uliyolipa kwenye manunuzi. Gharama yako halisi ni 30,000. Ile ya “punguzo” imekugharimu 1,500 zaidi, na juu ya hapo huwezi kuipeleka kwenye hesabu zako za kodi ya mapato. Tanzania nayo, kwa risiti za EFD na VAT ya asilimia 18, hesabu inakwenda kwa mkondo huo huo. Punguzo la kunong’onezwa ni la muuzaji.

Printa ndiyo kifaa ambacho bei ya dukani hudanganya kuliko vyote. Kwa miongo kadhaa watengenezaji wameuza mashine kwa bei ya chini na kurudisha faida kwenye wino. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 imekadiriwa kuchapa kurasa 120 hivi. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayotumika kwenye printa za matangi zilizojaa ofisi zetu, imekadiriwa kurasa 4,500. Printa ya matangi ni ghali zaidi siku ya kwanza, lakini ofisi inayochapa kurasa elfu moja kwa mwezi kwa printa ya katriji itakuwa imemaliza katriji nane kabla ya mwezi kwisha, wakati chupa moja inaifikisha ofisi yenye printa ya matangi hadi mwezi wa tano. Printa hizo za matangi zenyewe zilizaliwa sokoni. Epson ilizitoa kwanza Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona mafundi wakifunga matangi ya nje kwenye printa za katriji ili kukwepa gharama ya wino.

Hata hivyo tangi si jibu la kila mtu. Wino wa maji hukauka kwenye vichwa vya printa inayokaa wiki kadhaa bila kazi, na ndani kuna sifongo la kupokea wino unaopotea wakati wa kusafisha. Likijaa, printa inasimama mpaka fundi alibadilishe. Shule inayochapa mitihani mara tatu kwa mwaka na kukaa kimya katikati inafaa inunue leza ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu tona ni unga na haikauki. Kabla ya kulipa uliza jambo moja zaidi: je, printa inakubali tona iliyojazwa upya au katriji ya kampuni nyingine? Baadhi ya printa za HP zina mfumo unaokagua chipu ya katriji, na sasisho la programu linaweza kuikataa leo katriji iliyokubaliwa jana. Kwa kawaida onyo hilo limechapishwa kwenye boksi kwa herufi ndogo. Mafundi wa kujaza tona wanazijua modeli hizo kwa majina, na nusu saa ya kuongea nao kabla ya kununua itakufaa kuliko tangazo lolote.

UPS hununuliwa kwa namba kubwa iliyoandikwa mbele, na namba hiyo ni VA. Kinachobeba vifaa vyako ni wati, na UPS ya 650VA mara nyingi hubeba wati 360 hivi. Inatosha kompyuta ya mezani na skrini kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Haitoshi printa ya leza, ambayo kipasha-joto chake huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Ukiichomeka hapo, UPS italia na kuzima kila kitu. Betri yake ni ya risasi na asidi, na umri wake hupimwa kwa nyuzi joto 25. Kila nyuzi kumi zaidi humega karibu nusu ya umri huo, kwa hiyo UPS iliyosukumwa chini ya meza kwenye chumba kisicho na hewa jijini Dar es Salaam haitafika miaka inayotajwa kwenye kijitabu. Nunua ile ambayo betri yake ni ya volti 12 na Ah 7 inayopatikana kila mahali, uiweke penye hewa, na uhesabu kubadilisha betri angalau mara moja ndani ya miaka mitatu.

Vitu vidogo nitavipita haraka. Flashi au diski ya nje inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya chakula cha mchana ni bandia: imeandikiwa idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake, na faili zinazozidi uwezo wake halisi hupotea kimya kimya. Programu ya bure ya H2testw, au F3 kwa wenye Linux na Mac, huijaza na kuisoma yote ili kufichua ukweli. Waya wa mtandao ukwanguliwe kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba na usiuzike ukutani.

Programu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kompyuta mbovu hupoteza fedha, lakini mfumo mbovu wa hesabu hupoteza kumbukumbu za biashara nzima. Ile “iliyofunguliwa” na fundi kwa elfu kumi siitaji kama chaguo. Vifaa vya kuvunja leseni ni mojawapo ya milango inayotumiwa sana kupitisha virusi, na unaviendesha mwenyewe baada ya kuambiwa uzime kinga ya kompyuta.

Programu za kulipia kwa mwezi zina hatari ya sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya; mwisho wa mwaka huo ilifika karibu 157. Usajili wa dola 30 kwa mwezi ulitoka shilingi 3,720 hadi 4,710 bila mtengenezaji kupandisha hata senti, na shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024 ukashuka tena. Tanzania imepiga marufuku bei za ndani kwa fedha za kigeni tangu Machi 2025, lakini kadi yako inayolipia huduma ya nje bado inakatwa kwa dola. Mwenye watumishi kumi kwenye mfumo wa namna hiyo aweke akiba ya mabadiliko hayo kwenye bajeti yake.

Pia kampuni ya nje inaweza kuondoka. Januari 31, 2023 Intuit ilifunga huduma yake ya QuickBooks nchini India, soko lenye wafanyabiashara mamilioni, na wateja ikabidi wahamishe vitabu vyao. Kama India iliachwa, mfanyabiashara wa Mwanza au Kisumu hana sababu ya kudhani yeye ataulizwa kwanza.

Mfumo uliotengenezwa na kijana wa hapa una faida kubwa: anaijua mamlaka ya mapato, TRA, anajua risiti za EFD zinavyotakiwa kutoka, anajua mteja wako analipa kwa M-Pesa na kumalizia kwa taslimu, na simu yake inapatikana. Ningependa wafanyabiashara wengi zaidi wawalipe vijana hawa ipasavyo. Lakini mara nyingi seva imesajiliwa kwa jina lake, anwani ya tovuti ni ya kwake, na nenosiri analo yeye pekee. Akipata kazi nje ya nchi, duka linabaki na mfumo usio na mwenyewe. Mkataba useme kwamba seva na anwani ya tovuti ni mali ya biashara, kwamba nakala kamili ya data inakabidhiwa kila mwezi, na kwamba msimbo wa programu utawekwa mahali ambapo fundi mwingine anaweza kuuendeleza. Kama mfumo unatunza majina na simu za wateja, mkataba utaje pia nani anawajibika data hiyo ikivuja, maana Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Jaribio la mwisho halina gharama na linafaa kwa mfumo wowote, wa nje au wa hapa. Kabla ya kulipia mwaka wa pili, mwambie mhasibu atoe orodha ya wateja, madeni, stoo na leja ya mwaka mzima katika Excel, kisha ayafungue mafaili hayo kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo kabisa. Akishindwa, anza kutafuta mfumo mwingine wiki hiyo hiyo, wakati ule mfumo wa zamani bado unafunguka na mwenye nao bado anapokea simu.