Mombasa: Sindano safi ili kuzuia Sida

Mwaka 2012, serikali ya Kenya ilikubali watumiaji wa heroini wapewe sindano mpya bila malipo. Mjini Mombasa, wahamasishaji, baadhi yao waliowahi kutumia dawa hizo, wanawafuata vijana kwenye maskani, wanakusanya sindano chafu na kuwapa safi.

Vijana wakitumia sindano moja kwa zamu, damu ya mmoja inaingia kwa mwingine, pamoja na virusi vya Sida na vya homa ya ini. Wakati huo, karibu asilimia 18 ya waliojidunga nchini Kenya waliishi na virusi vya Sida, mara tatu kuliko watu wazima kwa jumla.

Baadhi ya viongozi wa dini wa pwani walipinga mpango huo: kwao, kugawa sindano ni kuruhusu dawa za kulevya. Wahudumu wanajibu kwamba kijana anayefuata sindano anapata pia nafasi ya kupimwa, kutibiwa vidonda na kuelekezwa kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza hamu ya heroini, ambayo Kenya iliianzisha Desemba 2014.

Kuacha heroini kunachukua muda, na aliyekufa hawezi kuacha tena.