Dawa ya Kukinga Uboho na Mionzi

Baada ya bomu la atomiki kuangushwa Hiroshima, katika nchi ya Japani, mwezi wa Agosti 1945, madaktari waliona jambo la kutatanisha. Watu wengine wasio na jeraha wala alama ya moto, waliodhaniwa kuwa wamesalimika, baada ya majuma machache walinyonyoka nywele, wakatoka damu ufizini, wakashikwa na homa na kufa. Maradhi yao yalikuwa mifupani.

Damu hutengenezwa katika uboho, kile kitu laini ambacho mnywaji wa supu hukifyonza mfupani. Chembe nyekundu za damu huishi kadiri ya siku 120. Bali chembe nyeupe zipiganazo na vijidudu, nyingi zake huishi siku chache tu. Mionzi ikiziua chembe za uboho zizaazo damu, mtu huweza kuonekana mzima mpaka akiba yake iishe.

Mionzi hudhuru kwa sehemu kubwa kwa kuyavunja maji yaliyomo ndani ya chembe, na vipande vyake vikali hushambulia kila kilicho karibu. Mwaka 1949 Harvey Patt na wenzake, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, waliwapa panya sisteini, kitu chenye salfa kipatikanacho pia katika nyama na mayai, kisha wakawapiga eksirei kwa kiasi cha kuua. Wengi walipona. Walipokitoa baada ya eksirei, hakikufaa kitu. Maana vipande vile humaliza kazi yao kabla mtu hajapepesa jicho, na salfa haina budi kuwapo tayari ili ivizime.

Tangu 1959 jeshi la Marekani lilijaribu dawa zaidi ya 4,000 za namna hiyo. Iliyotokea kuwa bora, amifostini, hutapisha na kushusha nguvu ya damu. Askari gani angeweza kupigana akiwa hivyo? Ikapata kazi hospitalini. Tangu 1999 imeruhusiwa huko kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, ili kuzikinga tezi za mate. Hutiwa mshipani dakika chache kabla ya mionzi, na huingia katika nyama nzima kuliko katika uvimbe.

Aliyekwisha kupigwa na mionzi hutibiwa kwa dawa nyingine, kama filgrastimu, iliyoruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2015. Hiyo huuhimiza uboho kuzaa chembe nyeupe upesi, mradi zimesalia chembe za kuhimizwa.