LENZI YA KUPIGIA PICHA KANISANI PENYE MWANGA HAFIFU: SOMA KABLA HUJATOA HELA

Ukishakuwa na kamera ya kupigia bidhaa zako, lazima utaitwa kwenye sherehe. Huku kwetu Kibiti ndivyo ilivyo: leo unapiga madera ya kuuza, kesho mtu anakuuliza, "Mwanangu anabatizwa mkesha wa Pasaka, utakuja?" Hela hiyo ni nzuri. Lakini ule mkesha huanza taa zimezimwa, watu wanaingia na mishumaa. Na ubatizo haurudiwi. Picha ikiharibika, huwezi kumwomba padri amwage maji tena.

Sasa tuongee lenzi.

1. Angalia namba ya f, iwe ndogo
Lenzi nyingi zinazokuja na kamera ni 18-55mm. Ukivuta mpaka 55, tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 9 au 10 ya hapo. Maana yake, pale ambapo lenzi ya kwanza inataka sekunde 1/15, na mtu akigeuka tu anatoka kama mzuka, hii ya pili inakupa 1/125. Mtu anaganda vizuri.

Usidanganyike na maneno "inazuia mtikisiko". Inasaidia mkono wako usitikisike, haimzuii bibi harusi kutembea.

2. 35, 50 au 85?
Kwenye kamera nyingi za bei ya kawaida sensa ni ndogo, kwa hiyo 50mm inavuta kama 75 au 80. Kanisa dogo la kijijini, chukua 35mm. Kanisa kubwa, au unataka sura za watu, 50mm. Ukiwekwa nyuma kabisa, 85mm.

Jipime bure: nenda kanisani siku ya kawaida na lenzi yako ya 18-55. Simama utakaporuhusiwa kusimama. Weka 35, piga. Weka 50, piga. Utaona mwenyewe ipi inakufaa.

3. Hakikisha inaingiliana na kamera yako
Hapa ndipo hela inapopotea. Nikon 50mm f/1.8D ni rahisi, ila kwenye D3000 na D5000 na ndugu zake haijifokasi yenyewe, unazungusha kwa mkono. Gizani utalia. Tafuta iliyoandikwa AF-S, kama 35mm f/1.8G. Wa Canon EOS za kioo, 50mm f/1.8 STM inajifokasi bila shida.

4. Ya mtumba? Imulike na tochi
Fungua vifuniko pande zote mbili, mulika ndani. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Sisi tunaopanda boti Nyamisati kwenda delta tuna unyevu na chumvi kila siku. Lenzi ikae kwenye kopo linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu.

5. Siku ya kazi
Anza na f/2, 1/125, ISO 3200. Bado giza? Panda ISO 6400. Chenga kidogo mteja anasamehe, sura iliyofutika hasamehi. Picha ya familia iliyopangwa mistari miwili, funga mpaka f/4, la sivyo mstari wa nyuma hautaonekana vizuri. Hiyo ipigie nje au penye taa. Flashi, muulize padri kabla ya misa, siyo katikati.

6. Je, inalipa?
Mfano tu: ukitoa nauli na boti, kazi moja inakubakizia 40,000. Lenzi ni 240,000. Hizo ni kazi 6. Kama kwa mwaka unaitwa mara moja, azima au kodi. Kama unaitwa kila mwezi, nunua, na siku zilizobaki itakupigia bidhaa dukani bila kununua taa.

Huna kamera, una simu? Tumia kamera kuu ya 1x, usivute. Sogea wewe.

Hifadhi hii, mtumie na mwenzako mwenye kazi wikiendi. Una kamera gani? Andika hapo chini tuambiane ipi inaingia.