Nijazie Mwenzangu: Ndoa Yetu Kwenye Meza ya Karata

Wapo wanaoamini kwamba ukitaka kumjua mpenzi wako vizuri, safiri naye au mkopeshe hela. Sikatai. Lakini mimi nina kipimo changu, na kinauzwa kwenye duka lolote la mtaani: pakiti moja ya karata. Mkalishe mwenzako mbele yako, si pembeni yako. Waite wengine wawili wakae kama nyinyi. Gawa karata, halafu mkatazwe kuongea. Kabla chai haijapoa utajua kama huyo unayemwita laazizi anakuamini au anakuvumilia tu.

Najua msomaji wangu umeshakunja uso. Karata! Huku kwetu Manyara neno hilo likitajwa watu wanawaza vijana wa kijiweni wasio na kazi, vumbi, na mzee mmoja aliyekimbia kupalilia. Sasa mke wa mtu, mwenye kazi yake ofisini, anatafuta nini huko? Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Kiiraqw wa Mbulu, mtu wa kanisa na msimamo wake. Aliposikia, aliuliza swali moja tu: "Mnacheza kwa hela?" Nikamwambia hapana, mama. Akasema basi hiyo ni sawa na bao, akaendelea kumenya vitunguu saumu vyake.

Mchezo wenyewe unaitwa wahedi wa sitini. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeukuta nyumbani barazani, wajomba zangu wakigombana kila Jumapili na kupatana kila Jumatatu. Jina lake maana yake ni sitini na moja, kwa sababu karata zote zikihesabiwa zina pointi 120, na anayefikisha 61 kashinda. Mnacheza wawili kwa wawili. Ree ina pointi 11. Seti, yaani saba, ina 10. Mzungu wa nne, ambaye ndiye mfalme, ana 4, mzungu wa tatu ana 3, na mzungu wa pili, ambaye ni yule mama mwenye ua mkononi, ana 2. Ndiyo, mama anazidiwa na kijana wa kazi. Nimeshalalamika, hakuna anayenisikiliza.

Majina yale ni ya Wareno. Kopa, shupaza, pau na uru ni copas, espadas, paus na ouros za Kireno, na seti ni sete, saba yao. Walifika pwani yetu mwaka 1498, Fort Jesus ikawatoka mikononi mwaka 1698, lakini karata zao zikabaki barazani. Kwa hiyo nilipohamishiwa kikazi Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na kukuta vijana wa stendi wanabishana kuhusu turufu, nilijisikia nyumbani kabisa, baridi ikiwa pembeni.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Siri ya wahedi wa sitini si kushinda karata zako. Siri ni kumjazia mwenzako. Mwenzako akiwa anakula, wewe unamtupia karata yako nzito ili pointi ziingie kwenye kapu lenu. Ukiwa na seti mkononi na mwenzako ameshusha ree, unamrushia seti yako pale pale, pointi 21 kwa mkupuo. Lakini kama mpinzani wa mwisho hana karata ya aina hiyo, anaweza kukata kwa turufu, hata ile ndogo ya mbili, na zote 21 zinakwenda kwake. Kwa hiyo kila unapojaza, unamwamini mwenzako na unaiamini bahati. Kuna watu hawawezi. Wanabana karata nzito mpaka mwisho, eti wanaitunza.

Nanenane ya mwaka 2024, mtaani kwetu Katesh kulikuwa na bonanza. Kuvuta kamba, kukimbia na yai kwenye kijiko, drafti, na karata. Waandaaji walikuwa na akili: kwenye karata kila timu lazima iwe mume na mke, au wachumba wanaojulikana. Zilijiandikisha jozi 16, kutoka Katesh, Endasak, Basotu, na nyingine mbili zilizotoka upande wa Mbulu, ikiwamo ya mzee mmoja mstaafu na mkewe waliokuja na Noah kutoka Haydom. Kila kijiwe kina sheria zake, kwa hiyo zetu ziliandikwa kwenye boksi la katoni na kutundikwa mtini: nane, tisa na kumi zinatolewa, kila mtu karata kumi, lazima ufuate aina iliyotangulia kama unayo, hakuna kuongea, hakuna kukonyezana, hakuna kukohoa bila ugonjwa. Kushinda ni michezo miwili kati ya mitatu. Zawadi ya kwanza mbuzi.

Meza hazikuwekwa vitambaa, makusudi, miguu ionekane. Msicheke. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya dunia ya bridge yaliyofanyika Bermuda, Waitaliano wawili walishutumiwa kwa kugusana miguu chini ya meza, na hapo walikuwa tayari wametenganishwa kwa pazia la mbao ili wasitazamane usoni! Na kama unadhani karata ni mchezo wa kupitisha muda tu, kuna kisa cha Kansas City, Marekani, mwaka 1929. Bwana na Bibi Bennett walikuwa wanacheza bridge na wenzao wawili. Bwana akashindwa mchezo, maneno yakatoka, akampiga mkewe kibao mbele ya wageni. Mke akaenda kuchukua bastola. Bwana hakuiona kesho yake. Mwaka 1931 mahakama ikamwachia huru mama yule. Zama hizo hizo mabingwa maarufu wa mchezo huo walikuwa mume na mke, Ely na Josephine Culbertson, waliotajirika kwa kuufundisha. Waliachana mwaka 1938. Nilimsimulia Baba Junior visa vyote hivi usiku wa kuamkia bonanza. Akasema, "Asante kwa kunitia moyo."

Sisi ni wanandoa wa wikiendi. Yeye ni mwalimu Mbulu mjini, mimi nipo Katesh na mtoto. Ijumaa jioni mmoja wetu anapanda gari: Dareda, halafu ule mlima wa ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, halafu Mbulu. Wafanyakazi wengi wa rika letu wanaishi hivi, na tulikuwa tumeshazoea, mpaka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023.

Asubuhi ile tope, mawe na miti mizima vilishuka kutoka Mlima Hanang vikapita katikati ya watu. Zaidi ya 80 walikufa, Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Mimi na Junior tulipona kwa sababu nyumba tuliyopanga iko upande ambao tope halikupita, hakuna sababu nyingine. Baba Junior alikuwa Mbulu. Alipiga simu haipatikani, akapiga tena, akapanda gari la kwanza aliloliona, na mwisho akatembea kwa miguu kwenye tope. Alitukuta jioni, nikiwa na akina mama wengine tunapika uji. Hakusema kitu. Alimbeba mtoto akakaa naye chini.

Tangu siku ile alitaka tuhame, mimi na mtoto, tukaishi Mbulu. Mimi sikutaka. Kazi yangu iko Katesh, na majirani niliozoa nao matope hawakuhama, walijenga tena. Tulibishana wiki kadhaa, halafu tukaacha. Ukiwa na mtu unayemwona siku mbili kwa wiki, ni rahisi sana kuacha jambo lilale. Tukawa tunaongea ada, dawa ya kikohozi, bei ya maharage. Mambo ya kawaida, kwa heshima kabisa. Wenye ndoa wanaelewa ninachosema.

Basi bwana, bonanza. Upepo wa Agosti unavyopuliza Katesh, karata tulizibana kwa vijiwe mezani. Raundi ya kwanza tulikutana na wachumba waliokuwa wanatazamana zaidi kuliko kutazama karata, wakatoka dakika chache. Robo fainali ilikuwa ngumu kidogo. Mume alikuwa anamng'akia mkewe kila akitupa karata, "Sasa hiyo ya nini?" Mwamuzi akawaonya mara mbili, mara ya tatu wakanyang'anywa mchezo. Mama yule aliinuka akaenda kununua mishikaki, akarudi na mmoja tu, wa kwake.

Nusu fainali ndiyo iliyonifungua macho. Turufu ilikuwa kopa. Tumeshinda mchezo mmoja, wameshinda mmoja. Mimi natangulia, nikashusha ree ya shupaza. Ilikuwa mara ya kwanza shupaza inachezwa, kila mtu ana karata kumi kasoro mbili, hatari ya kukatwa ni ndogo. Mpinzani wa kwanza akatupa ndogo. Zamu ya mwenzangu. Nikamwona anashika karata moja, anaiachia, anashika nyingine. Akatupa tatu. Mpinzani wa mwisho naye akafuata na shupaza ndogo. Nikala pointi 11 tupu.

Baadaye kidogo shupaza ikarudi, na safari hii mwenzangu akatoa seti. Alikuwa nayo muda wote! Mpinzani alikuwa ameishiwa shupaza, akaikata kwa kopa ya nne. Pointi 10 zikaondoka hivi hivi mbele ya macho yangu. Tulishinda mchezo ule 61 kwa 59, kwa turufu mbili nilizobaki nazo, jasho linanitoka kwenye baridi.

Kabla ya fainali kulikuwa na mapumziko. Tukakaa kwenye kivuli na soda zetu. Nikamuuliza taratibu, maana watu walikuwa karibu.

"Seti ile ulikuwa unamtunzia nani?"

"Niliogopa watakata."

"Baba Junior, ilikuwa mara ya kwanza shupaza inatoka."

Akaizungusha chupa mikononi. Nikadhani anatafuta utetezi. Akasema, "Nimelipia nyumba Mbulu. Miezi sita. Vyumba viwili, kuna uzio. Toka mwezi uliopita."

Nilisikia masikio yanalia. Hela ile najua ilikotoka, ni ya lile shamba dogo la vitunguu saumu analolima na mama yake, ambayo aliniambia mnunuzi bado hajalipa. Mwezi mzima tunaongea bei ya maharage, mtu ana funguo mfukoni.

"Ulikuwa unaniambia lini?"

"Nilikuwa nasubiri niwe na uhakika utakubali."

Nikamwambia uhakika huo hautakuja, si wa nyumba wala wa shupaza. Nikamwambia pia kitu ambacho nacho sikuwahi kumtamkia, kwa sababu hakuwahi kuuliza: kwamba mvua ikianza usiku silali, nakaa nimevaa viatu, na bado sitaki kuondoka. Akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Kwa nini hukuniita?" "Uje na gari gani saa nane usiku?" Hapo mwamuzi akapuliza filimbi. Fainali. Jamani, kuna watu wanaingia fainali wamepaka mafuta, sisi tuliingia macho mekundu.

Wapinzani walikuwa wale wazee wa Haydom. Tukawaamkia, shikamoo babu, shikamoo bibi, wakaitikia kwa upole, halafu wakatuchakaza mchezo wa kwanza bila huruma. Hawakuwa wakitazamana hata mara moja. Babu akitupa, bibi keshajua la kufanya. Mchezo wa pili tukajitutumua tukachukua sisi. Wa tatu watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya bodaboda.

Turufu ikawa kopa tena. Katikati ya mchezo nikashusha ree ya pau. Pau ilikuwa imeshachezwa mara moja, kwa hiyo hatari ilikuwepo na kila mtu mezani aliijua. Babu akafuata na pau ndogo. Baba Junior hakushikashika karata. Aliiweka seti ya pau mezani, taratibu, akanitazama mimi, si karata.

Bibi akakata. Kopa ya mbili, ile ile ndogo kuliko zote, pointi 21 zikasombwa. Uwanja mzima ukapiga kelele. Nilimtazama mume wangu, nikitegemea kuona ule uso wa "nilikwambia". Alikuwa anacheka. Anacheka kweli, mpaka akaweka karata zake chini, na mimi nikashindwa kujizuia. Mwamuzi akatuonya kwa kucheka, maana haikuandikwa kwenye boksi kama ni ruhusa au la.

Tulifungwa 63 kwa 57. Ile ya pau ndiyo iliyotumaliza. Mbuzi alipandishwa kwenye Noah akaenda Haydom, sisi tukapewa kreti ya soda na sufuria ya lita tano, ambayo kifuniko chake hakikai sawasawa mpaka leo.

Usiku ule tulikaa jikoni mpaka saa saba. Tuliongea nyumba ya Mbulu, mlima, mama yake, na nani atamchukua Junior shule nikisafiri. Tulipandishiana sauti kidogo, si haba. Tukakubaliana nyumba kwa kuwa imeshalipiwa itumike, wikiendi mbili mimi na mtoto tupande Mbulu, mbili yeye ashuke, na msimu wa mvua kubwa mtoto akae kwa bibi yake. Na simu yangu ikilia mvua, aipokee hata kama ni saa nane, hata kama hana gari.

Kodi iliisha mwezi wa pili mwaka uliofuata. Hatukuilipa tena, na barua ya uhamisho hatukuiandika. Tulisema tutaipitia baada ya masika. Masika yakaisha, tukaipitia, tukasema tutaipitia tena. Wale wazee wa Haydom walituma salamu kwa dereva wa Noah. Bibi anauliza kama Baba Junior bado anazo seti.